Foto imeisha kupigwa, sasa jeli nani atanunua?

Sina shida na wafadhili. Sina shida na wazungu, sina shida hata na wakubwa wa kwetu wanaofikaka na suti nyeusi kwenye jua la mwezi wa kumi kuja kukata utepe. Shida yangu iko na ile foto ya siku lopitali inapewa mashine ya zawadi. Unaijua: watu wamejipanga mstari, katikati mashine ingali imevaa nailoni yake, direktere ameshika mkasi, mmoja wa shirika anacheka meno yote nje, na nyuma infirmiye mmoja anachungulia kwa sababu amesikia kuko Fanta. Kesho yake foto iko Facebook, maneno chini yake "ubia wa kihistoria".

Mimi kazi yangu ni mashine za lopitali, hapa Lubumbashi. Nafungua, nasafisha, nafunga, mara zingine naingia biro ya wakubwa kuwaambia hii imekufa, tusidanganyane. Kwenye foto siko. Mi nafikaka kisha, nailoni imetoka, wageni wamepanda ndege, na mashine imeanza kuandika kwenye skrini maneno ambayo hakuna mtu ndani ya servisi anajua maana yake.

Nimeamua kuandika leo kwa sababu kwenye kundi letu la WhatsApp la mafundi mtu alirusha video ya yule kijana wa Marekani, Noland Arbaugh, mwenye mwili uliolala toka mabegani kwenda chini, ambaye Neuralink, kampuni ya tajiri Elon Musk, walimuwekea chipu ndani ya kichwa mwezi wa kwanza 2024, na sasa anacheza chesi kwenye kompyuta bila kugusa kitu, anawaza tu na kale kamshale kanatembea. Watu wakaanza: mmoja dunia imefika mbali, mwingine hiyo ni 666 (haikosi mtu wa 666), alafu kijana wetu mmoja stajere (mwanafunzi anayejifunza kazi kwetu) akauliza swali lenye maana kuliko yetu yote: "Bayaya, na siye itatufikia lini?" Nikaanza kumjibu kwa voice, ikawa ndefu kama misa ya Pasaka, nikafuta.

Kwanza hiyo kitu haikutoka kwa tajiri mmoja ameamka asubuhi na wazo. Kabla ya Neuralink kulikuwa BrainGate, Chuo Kikuu cha Brown pamoja na lopitali ya Massachusetts General na wengine, na toka 2004 Matthew Nagle, kijana aliyepooza, alishasogeza kamshale kwa mawazo. Mwaka 2012 dunia ikamuona Cathy Hutchinson, mama aliyekaa karibu miaka 15 bila kujipelekea kinywaji mdomoni, akiamuru mkono wa roboti umletee chupa ya kahawa avute na mrija. Ukiangalia vizuri ule mkono wa roboti ulitoka Ujerumani, kwa DLR, shirika lao la mambo ya anga. Pesa nyingine ilitoka serikali ya Marekani, hadi ile wizara ya wanajeshi wastaafu. Kwa hiyo mama amekunywa kahawa mara moja, lakini nyuma ya ile kahawa kuko chuo, lopitali, wizara na watu wa roketi.

Mwezi wa nne 2013 Obama akatangaza BRAIN Initiative, mpango mkubwa wa utafiti wa ubongo, ndani mule NIH (taasisi za serikali za utafiti wa afya), NSF ya sayansi na DARPA ya jeshi, pembeni mashirika binafsi kama Allen Institute, Kavli Foundation na Howard Hughes Medical Institute. Magazeti yaliandika juu ya pesa, dolari milioni 100 za kuanzia. Mimi kilichonivuta ni kitu kilichofuata baadaye ambacho sijawahi kukiona kwenye foto: NIH walikaa na makampuni yanayotengeneza implanti (vifaa vya kuweka ndani ya mwili), Medtronic, Boston Scientific na wenzao, wakatengeneza mikataba ya mfano.

Utaniuliza mkataba wa mfano ni kitu gani cha kushangilia. Ngoja. Tuseme wewe ni munganga mtafiti, unafikiri ukigusa sehemu fulani ya ubongo na umeme kidogo, mgonjwa wa huzuni kali anaweza kupata nafuu. Huwezi kujitengenezea implanti kwenye garaji yako. Unahitaji ile ya kampuni, imeshapimwa, inajulikana haiingizi maji, haichomi nyama, betri inakaa miaka fulani. Na ili serikali ikuruhusu kuiweka ndani ya mtu kwa kazi mpya unahitaji faili ya usalama ya kile kifaa, na ile faili kampuni imeifungia kabatini juu ndiyo siri yake. Sasa mawakili wa chuo wanaanza kuvutana na mawakili wa kampuni, matokeo ya nani, hataza ya nani, mgonjwa akiumia nani analipa, nani anachapisha na lini, miezi inapita, pesa ya utafiti imelala, mgonjwa anangoja. NIH wakasema basi, hapa kuko karatasi ambayo kila mtu ataanzia, kampuni inatoa kifaa na inafungua njia ya ile faili, tusonge. Mi nikisoma kitu kama hicho nasikia raha kuliko kuona roboti. Mtu yeyote aliyewahi kungojea sahihi moja ili kitu kitoke dwani ya Kasumbalesa, pale mpakani, ananielewa.

Hata dawa ya umeme kwa watu wanaotetemeka ilizaliwa kwa njia ya aina hiyo. Grenoble, Ufaransa, 1987, profesa Alim-Louis Benabid na mwenzake Pierre Pollak. Wakati ule mgonjwa wa kutetemeka walikuwa wanamuunguza kidogo sana ndani ya ubongo, na kabla ya kuunguza wanapima mahali na sindano ya umeme. Benabid akapandisha mwendo wa umeme kufika kama mara 100 kwa sekunde, mkono wa mgonjwa ukatulia. Akazima, ukaanza tena. Akaona kumbe si lazima kuunguza, tuache waya mule mule. Wazo lake, mgonjwa wake, lakini kifaa cha kutoa umeme kilikuwa cha Medtronic, kilichokuwa kimetengenezwa kwa ajili ya maumivu. Marekani waliruhusu kwa kutetemeka 1997, kwa ugonjwa wa Parkinson 2002. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi ya kukaa mezani pamoja.

Kuko hadithi mbili nazipenda kuwaeleza mastajere, wanachoka nazo.

Ya kwanza ni Melbourne, Australia. Graeme Clark, munganga wa masikio, baba yake mwenyewe alikuwa hasikii vizuri, akataka kuweka waya ndani ya sikio la mtu kiziwi uguse moja kwa moja mshipa wa kusikia. Wakubwa wa fani walimuona kama amechanganyikiwa. Pesa ya mwanzo ilitoka hadi kwenye televisheni, watu wanachanga wakiwa nyumbani. Mwezi wa nane 1978 akamfanyia upasuaji Rod Saunders. Kisha serikali ya Australia ikaweka mkono, kampuni moja ya kwao ya vifaa vya moyo ikaingia, Cochlear ikazaliwa, 1985 Marekani wakaruhusu. Kitu ninachokipenda ni kwamba miaka ilivyopita waliendelea kutengeneza vifaa vipya vya nje vinavyoongea na implanti za zamani. Mtu aliyewekewa zamani hakuambiwa pole, modeli yako imepitwa.

Ya pili ni California. Kampuni Second Sight, kifaa Argus II, jicho la umeme kwa watu waliopofuka na ugonjwa fulani wa kurithi. Elektrodi 60 (vidoti vya kupitisha umeme) ndani ya jicho upande wa nyuma, kamera kwenye miwani, mtu anaona mwanga, kivuli, kingo za mlango. Na ubia ulikuwa wa kuringia: wizara ya nishati ya Marekani, maabara za taifa, vyuo vikuu, pesa ya serikali, kampuni. Ulaya waliruhusu 2011, Marekani 2013. Kifaa peke yake kilikuwa kama dolari 150,000. Watu zaidi ya 350 duniani wakawekewa. 2019 kampuni ikaacha kukitengeneza, 2020 ikafukuza karibu wafanyakazi wote, na 2022 jarida la IEEE Spectrum likaandika hadithi za wale watu: wamebaki na kitu ndani ya jicho ambacho kikizima hakuna wa kumpigia. Mtu ameona kidogo, kisha giza mara ya pili.

Pale California hakukosekana akili, hakukosekana pesa, hakukosekana hata umeme. Kilichokosekana ni mtu mmoja ambaye kwenye karatasi imeandikwa kwamba kampuni ikianguka yeye ndiye atabaki na piesi na michoro. Nasema hivi juu huku kwetu tuko na tabia ya kufikiri kwamba mashine zikitushinda ni sababu siye ni siye. Hapana. Ni mkataba uleule mbaya, sema huku unakuja na vumbi.

Twende kwetu sasa. Mashine ya ubongo ambayo mimi naijua kwa mikono ni EEG, ile ya kupima umeme wa ubongo, uzee wake umepita miaka 100, Mjerumani Hans Berger alipima mtu wa kwanza pale Jena 1924. Si chipu, hakuna kupasua mtu, ni waya unabandikwa juu ya ngozi ya kichwa na jeli. Inasaidia sana kwa kifafa. Lopitali moja hapa (jina tuliache) ilipewa moja nzuri, mpya, na mshirika wa nje, foto ikapigwa na kila kitu. Nikaitwa juu "mashine inachora manyoya".

Nikafika nikakuta kweli, kila mstari kwenye skrini umenenepa kama mkia wa paka aliyeogopa. Pembeni mama mmoja wa Katuba na mtoto wake wa kiume, kichwa kimeshapakwa jeli, amechoka, anataka kulala. Sasa elewa: umeme wa ubongo ukifika juu ya ngozi unakuwa microvolti 10 hadi 100, yaani sehemu kumi hadi mia moja za milioni ya volti. Umeme wa SNEL, kampuni yetu ya umeme, ni volti 220 na unatetemeka mara 50 kwa sekunde kwenye kila ukuta. Ukikosa waya wa ardhi, ile 50 inaingia inafunika kila kitu, ubongo wa mtoto unaongea lakini SNEL anapiga kelele juu yake. Nikachomoa chaja za simu (zilikuwa nyingi kuliko waya za mashine), nikazima taa ya neoni, ikapungua, haikuisha. Nikafungua prizi. Ile pini ya ardhi ilikuwepo, mzuri, inang'aa, na nyuma yake hakuna kitu. Haijafungwa na waya wowote. Jengo zima liko hivyo, na ni jengo ambalo limepakwa rangi upya kwa ajili ya mashine.

Mama akaniuliza: "Papa munganga, hii mashini njo itamuponya mutoto?"

"Mama, mi si munganga, mi ni wa mashini. Haiponyeshe, inaangaliaka tu."

"Basi ikiisha kuangalia?"

Hapo nikanyamaza kidogo juu jibu lake liko mikononi mwa watu wengine. Kwa OMS (Shirika la Afya Duniani) watu kama milioni 50 duniani wana kifafa, karibu 80% wako nchi kama zetu, na hadi 70% wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata dawa inayofaa na kuifuata. Dawa ya kawaida inaweza kugharimu kama dolari 5 kwa mwaka. Kwa mwaka! Chupa mbili tatu za bia ya Simba. Na bado watoto wanapelekwa kwanza kwa mtu wa maombi, wanafungwa kamba, wanaambiwa ni bulozi. Kwa hiyo mtu akija kuniambia habari ya chipu na hajaniambia habari ya phenobarbital, ile dawa ya kifafa, namuangalia tu.

Waya wa ardhi tuliuweka. Ilikuwa kipindi cha jua, udongo mwekundu umekauka kama tofali, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, ikabidi tuchimbe shimo refu, tuweke makaa na chumvi, tumwage maji, alafu fimbo ya shaba. Shaba! Kwenye mji huu ambao hata watoto wanajua bei ya shaba, kupata fimbo moja ya shaba kwa ajili ya lopitali ilikuwa barua, sahihi, na mlinzi wa kuilinda usiku isiibiwe. Mistari ikawa myembamba. Nikaona mawimbi ya usingizi ya yule mtoto, kitu kizuri mno, kisha kile kimwiba cha ghafla, alama ya kifafa, ambacho munganga wa mishipa alikuwa anatafuta. Akaandikiwa dawa.

Na ile mashine leo? Iko kimya. Haijaharibika. Programu yake inataka laisensi mpya. Mradi uliisha, adresi ya imeli ya mtu wa mradi inarudisha ujumbe, mwenye kuuza yuko nchi nyingine na anasema yeye anaongea tu na aliyenunua, aliyenunua ni mshirika, mshirika ameshafunga faili. Bonneti (kofia) za elektrodi zimechakaa, jeli imeisha. Watu wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, Perry na Malkin, 2011 walikusanya hesabu za mashine zaidi ya 110,000 kwenye nchi 16 zenye uwezo mdogo, wakakuta karibu 40% hazifanyi kazi. Watu wanasomaka namba ile wanafikiri ni mashine zilizovunjika. Nyingine haziko na kosa lolote, zinangoja tu kitu cha dolari 30.

Sasa kitu kingine ambacho kinanikerekeza, na hapa najua nitasikika kama mtu wa bar ya Kamalondo saa nne usiku. Siye tuko ndani ya huu ubia zamani. Waya mwingi unaopeleka umeme ndani ya mwili wa watu, ya moyo na mingine ya mishipa, umetengenezwa na aloi (mchanganyiko wa metali) inayoitwa MP35N. 35% yake ni kobalti. Betri za laptopu na za simu zinazosoma data za vifaa hivyo, nyingi zina kobalti. Na zaidi ya 70% ya kobalti ya dunia inachimbwa kwetu, Kolwezi, Fungurume, huko huko, magari yanapita hapa usiku na mchana kwenda Kasumbalesa. Ikishasafishwa, na kazi hiyo kubwa iko China, haina tena kitambulisho. 2025 serikali iliposimamisha kuuza kobalti nje dunia nzima ilishtuka, watu wa magari, watu wa betri. Kwa hiyo wanajua tuko. Sema kwenye meza ya ubia siye ni kama mtu aliyeleta makaa ya kupikia, sahani hapewi.

Ninachotaka si huruma. Nataka kiti, na kiti kinakuja ukiwa na swali lako mwenyewe. Mfano mzuri uko hapa Kongo. Konzo, ule ugonjwa wa miguu kukakamaa, mtoto analala mzima anaamka hatembei, unaletwa na muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri kwa watu wasiokula protini ya kutosha. Munganga Trolli aliuandika toka 1938. Desiré Tshala-Katumbay, munganga wa mishipa, mtoto wa nchi hii, yuko Oregon lakini kazi yake ameiweka Kahemba, pamoja na Chuo Kikuu cha Kinshasa na INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kwa pesa ya NIH. Na kazi yao na Michael Boivin wa Michigan State ilionyesha kwamba konzo hailali kwenye miguu tu, hata akili ya mtoto inaguswa, mpaka wale watoto ambao miguu yao ni mizima. Hapo swali limetoka huku, ndiyo maana jibu nalo linarudi huku. Na unajua "kifaa" kimoja kilichosaidia ni nini? Unga wa muhogo unaloweshwa na maji, unatandazwa mwembamba, masaa mawili kwenye jua ao matano kwenye kivuli, sumu inatoka hewani, unapika bukari (ugali) yako jioni hiyohiyo. Wazo la Howard Bradbury wa Australia, lakini wamama wa Popokabaka wakafundishana, Jean Pierre Banea na watu wa lishe wa kwetu wakafuatilia. Hakuna betri, hakuna laisensi.

Jirani zetu Uganda nao wamenivutia. Mbale, lopitali ya watoto ya CURE, Benjamin Warf alikuta watoto wa kichwa maji wengi mno, na mpira wa kutoa maji kichwani wa Marekani ulikuwa kama dolari 650. Akaujaribu kwa kulinganisha na mpira wa Chhabra wa India wa kama dolari 35, 2005 akachapisha kwamba baada ya mwaka tofauti haionekani. Alafu akaenda mbali zaidi, akatumia njia ya kamera ndani ya kichwa ili watoto wengi wasihitaji mpira kabisa, juu mpira ukiziba usiku na uko kijijini mbali, umeisha. Huyo mtu alifikiria habari ya kisha kabla ya habari ya leo.

Na Mbarara, Uganda hiyohiyo, chuo chao na vyuo vya Penn State ya Marekani, Leiden na Delft za Uholanzi, walifanya kitu ambacho kama fundi kilinifanya nisilale. Mashine ya MRI (ya kupiga picha ndani ya kichwa kwa sumaku) ndogo, ya nguvu kidogo, sumaku zake ni vipande vingi vidogo vya sumaku ya kawaida vimepangwa kwenye duara, hakuna helium, hakuna chumba cha mamilioni. 2022 piesi zikafika Mbarara wakazifunga pale pale, na michoro iko wazi, mtu yeyote anaweza kuisoma. Foto yake haina uzuri sana, picha ya ubongo inatoka na ukungu, mtu wa Brussels ataicheka, lakini kuangalia kama kichwa kimejaa maji inatosha. Na ikiharibika, aliyeifunga anaishi hapo hapo.

Hapo ndo namjibu yule stajere. Itatufikia lini? Chipu, sijali sana. Mi nataka tufikiwe na ile ya Mbarara, na EEG yenye programu isiyolala mradi ukilala, na mkataba wenye ukurasa wa kisha: jeli na bonneti za miaka mitano ziko kwenye bajeti ya nani, laisensi iko kwa jina la lopitali siyo la mradi, kitabu cha kutengenezea mashine tumepewa chote na siyo kile cha kubonyeza tu, data za watoto wetu zinakaa wapi na nani anaruhusiwa kuzifungua. Mshirika asiyetaka ukurasa huo, mwambie asante, abaki na mashine yake. Najua ni vigumu kukataa. Direktere wangu mmoja aliniambia "weye, zawadi haikataliwe" na nikamuonyesha depo, namna imejaa zawadi hadi mlango haufunguki.

Na pesa ya ule ukurasa si lazima itoke mbali. Sheria ya migodi (Code minier) ya 2018 inasema kampuni ya mgodi itoe angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka. 0.3% ya watu wa kobalti na shaba si pesa ya kununua Fanta. Mpaka sasa naona visima, madarasa, barabara, vyote vizuri, nani atakataa maji. Lakini senta za afya zilizojengwa kwa pesa hiyo ziko na mashine, na mashine ziko na mimi peke yangu na wenzangu wachache tunaozunguka na sanduku la tournevis (bisibisi). Atelie moja, Kolwezi ao Fungurume, vijana watatu wa ISTM, chuo cha ufundi wa afya, na wawili wa polytechnique ya UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, oscilloscope moja ya kuangalia umeme, stoki ya piesi, na mtu ambaye kazi yake ni kununua jeli kabla haijaisha. Hiyo tu. Na chuo cha nje kikija na utafiti wake wa ubongo kitakuta mlango una mtu.

Nina ndugu mmoja anakaa kwenye komite ya jamii ya pesa hiyo kule, nilimpigia wiki iliyopita. Akacheka: "Yaya, batu banalia maji, weye unanileteya mambo ya bongo?" Nikamwambia kwenye kijiji chake tu anajua nyumba ngapi wanaficha mtoto wa kifafa. Akanyamaza, akaanza kuzihesabu kwa majina, kisha akasema nitume proforma. Nimeituma: bonneti, jeli, laisensi, waya wa ardhi wa senta nzima, na fimbo za shaba (nimeandika chini yake "za kufungia kwa simenti", anaelewa). Komite inakutana mwisho wa mwezi. Kama uko upande wa Kolwezi na unamjua mtu anayekaa kwenye komite ya aina hiyo, ao uko mwanafunzi wa biomedicale unatafuta staji ambapo utashika mashine kweli na siyo kubebesha makaratasi, niandikie inbox.